Fundi Anapima Saa Tatu Usiku

Ulisema ni ya dada yako.
Nikaandika daftarini: *dada, Bugembe*.
Kisha nikakuuliza kiuno chake
ukajitazama wewe, kwenye kioo cha mlangoni,
nami nikajua.

Kaa, Isabirye. Shusha komeo.
Cherehani nitaiacha izunguke bila uzi:
Walukuba yote isikie kazi, isisikie maneno.

Usianze na kiatu.
Wengi huanza na kiatu,
wakateguka kifundo, wakatunga uongo mbele ya daktari.
Anza na kikoi cha ndani.
Gomesi bila kikoi ni pazia juu ya msumari.
Kizungushe nyongani mara mbili, ukaze.
Usihangaike na nyonga usizopewa,
kitambaa ni karimu kuliko mifupa.

Vifungo ni viwili, viko kushoto.
Mkono wako utavitafuta katikati ya kifua, umezoea shati.
Uache ukosee. Urudi.
Mshipi uketi chini ya kitovu;
ukiupandisha, utafanana na gunia la mihogo
lililofungwa na mtu mwenye haraka.

Na mabega hayo unayoyaonea haya,
uliyoyapata kwa kubeba miwa Kakira,
tazama: mikono ya gomesi imechongoka juu
kama masikio ya paka aliyesikia jina lake.
Yatazame humo. Hayapo.

Ndevu nyoa asubuhi, kwa wembe mpya,
maji ya moto, polepole shingoni.
Poda kidogo.
Poda ya mara ya pili hupakwa na woga.

Nje?
Nje usitoke.
Sisemi ni aibu. Nasema namjua mwenyekiti wa mtaa,
namjua mkewe, na nazijua simu zao.
Picha usipige, hata moja, hata gizani.
Rafiki unayemwamini, mwamini kwa mambo mengine.
Chumba chako kina hatua ngapi? Nne?
Basi nne, geuka, nne.
Mtu husafiri mbali ndani ya hatua nne.

Shika upindo kwa vidole viwili unapoketi,
usiukamate kama kuku wa sokoni.
Magoti pamoja. Ah, si hivyo,
hujambana mwizi.
Pumua.

Harusi ya Namulesa ulivaa kanzu,
ndefu, nyeupe, mpaka vifundoni,
na upepo ulikuingia vilevile.
Nani alikuuliza kitu?
Sina jibu. Nimeshona kanzu na gomesi miaka ishirini na sita,
kwa mkasi mmoja, juu ya meza hii,
na mkasi haujawahi kuniuliza.

Watakwambia kwamba kiooni utamwona mama yako.
Mimi nilimwona mjomba wangu Waiswa
amevaa gomesi ya kijani, amekasirika.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Mara ya pili niliona gomesi tu.
Mara ya tatu umeme ulikatika.
Ya nne, nakumbuka mvua ilikuwa inapiga mabati,
nilimwona mtu aliyepumzika.
Sikumsemesha. Nilimwacha apumzike.

Ndiyo, mimi.
Ulidhani nani huzijaribu kabla hazijapigwa pasi?

Ukichoka, vua. Hujavunja ahadi ya mtu.
Ukitaka kuivaa Jumapili nzima huku unamenya matoke, ivae.
Isipokufaa, irudishe, nitaipunguza
au nitaigeuza foronya, wala sitakuuliza.
Ila usiichome moto usiku wa majuto.
Mita sita za hariri, Isabirye!
Na majuto huisha kabla ya Jumatano.

Simama sasa. Nyoosha mikono.
Usivute tumbo ndani, nipime ukweli.
Kifua, inchi arobaini na mbili.
Kiuno, thelathini na sita.
Rangi?
Sema kwa sauti, cherehani inatuficha.

Zambarau.

Nimeandika: *dada, Bugembe, zambarau,
amelipa nusu.*
Mwambie aje Alhamisi, giza likishaingia.
Mwambie nimefurahi kumfahamu.